Tumbo Lisiwe Sababu ya Kuitupa Pumzi

Kuna maradhi ambayo mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kuyajua, kwa kuwa humjia akiwa amelala, na shahidi wake wa kwanza huwa ni mke au mume aliye ubavuni pake, ambaye husikia mkoromo ukipanda, ukakatika ghafla, ukafuatwa na kimya kizito, kisha pumzi ikarudi kwa kishindo kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Maradhi hayo ni kukatika kwa pumzi usingizini. Koo hulegea, njia ya hewa hujifunga, na moyo hubaki ukihangaika gizani mara nyingi kwa usiku mmoja, ilhali mwenye moyo hana habari. Mimi ni mmoja wa wenye maradhi hayo, nami nalala na mashine ya kupumulia hapa Lushoto. Muradi wangu leo si kuyaeleza maradhi yenyewe, bali kusema juu ya taabu moja izaliwayo na dawa yake, taabu ambayo kwa kutotajwa huwafanya watu waiache dawa yenyewe: hewa imezwayo usingizini na kulijaza tumbo.

Asubuhi moja ya Julai, mwezi ambao baridi ya msitu wa Magamba hushuka mpaka ndani ya mablanketi, niliamka tumbo limewamba kama ngoma iliyopashwa moto, kifungo cha suruali hakilifikii tundu lake, na mbweu zikinitoka moja baada ya moja pasipo harufu ya chakula chochote. Mama watoto aliniletea chai ya tangawizi, akanitazama, akasema, “Baba, hayo ni makande ya jana.” Nikasadiki. Niliyaacha makande juma zima, nikala wali na mchicha, na kila alfajiri tumbo likawa lile lile. Laiti ningalitafakari, ningalijua mapema kwamba gesi ya maharage ya makande huzaliwa ndani ya matumbo saa kadhaa baada ya mlo, nayo haifichi harufu yake, ilhali hewa iliyomezwa ni hewa hii hii tuivutayo, haina harufu, nayo humkuta mtu papo hapo anapofumbua macho. Lakini sikutafakari. Tumbo liliponichosha niliifunga mashine sandukuni, ikakaa humo usiku 19, na katika siku hizo zote mke wangu alirudia kukesha akinihesabia pumzi, nami nikarudia kusinzia barazani katikati ya mazungumzo na wageni.

Kilichonifunga mdomo ni haya. Mahali nilipokabidhiwa mashine nilifundishwa kuiwasha, kuivaa barakoa yake na kuuosha mpira wake, wala hapana aliyenitajia tumbo. Nami, mtu mzima mwenye wajukuu, niliona ni aibu kusafiri siku nzima ili nikamweleze tabibu kijana habari za mbweu na riahi. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua, lakini aghalabu onyo hilo tunalidhania kuwa ni la maradhi makubwa tu, tukasahau kwamba taabu ndogo iliyofichwa yaweza kuiondoa dawa ya maradhi makubwa.

Msafiri atokaye Tanga au Dar es Salaam, akifika Mombo, hukuta njia panda: barabara moja hushika kulia ikapanda mlima kwa kona za kilomita 33 hivi mpaka Lushoto, na nyingine huendelea bondeni kuelekea Same na Moshi. Koo la mwanadamu lina njia panda kama hiyo. Njia moja huenda mapafuni, na nyingine, iitwayo umio, huenda tumboni, na mlangoni pa umio pana msuli ukaao umefumba kama bawabu, ambao hufunguka tunapomeza, au tunapobeua, kisha ukafumba tena. Kazi ya mashine ni kusukuma hewa kupitia puani ili koo lisijifunge. Bali hewa haina macho ya kuchagua njia. Msukumo ukizidi nguvu ya bawabu aliyelegea kwa usingizi, au mlalaji akimeza mate mara kwa mara, sehemu ya hewa huiacha njia ya mapafu ikashika njia ya tumbo.

Msukumo huo hupimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida kati ya 4 na 20. Atakaye kuujua kwa pumzi yake mwenyewe na achukue bilauri ndefu ya maji, achovye mrija mpaka kina cha sentimita 10, kisha apulize hadi mapovu yatokeze: nguvu aliyoitumia ndiyo 10 ya mashine. Si nguvu kubwa, lakini ikikaa kooni saa 7 bila kupumzika yatosha kulijaza tumbo la mtu. Wala mtu asiusingizie mwinuko wetu wa mita takriban 1,400, kwani mashine nyingi za siku hizi hujirekebisha zenyewe kwa hewa ya milimani. Ila mwenye mashine ya zamani na aulize, maana baadhi yake huhitaji kuelezwa kimo cha mahali zinapotumika.

Siku ya 20 mke wangu aliitoa mashine sandukuni, akaifunga kwenye kanga, akaniambia kwamba ama tutaipeleka kwa tabibu sote wawili, ama ataipeleka peke yake. Tulikwenda. Tabibu hakucheka wala hakushangaa. Alisoma kumbukumbu iliyohifadhiwa ndani ya mashine, ambayo huandika saa za usingizi, msukumo uliotumika na hewa iliyovuja, akaniuliza iwapo pua yangu huziba, iwapo kinywa huamka kikavu, iwapo kiungulia hunisumbua usiku. Yote matatu nilikuwa nayo. Pua iliyozibwa na baridi ilinilazimisha kupumua kwa kinywa, kinywa kilicho wazi kikavujisha hewa, mashine ikaongeza msukumo ili kufidia, na hewa iliyozidi ikapata njia ya tumbo. Nacho kiungulia, ambacho ni dalili kwamba mlango wa chini wa umio haufungi sawasawa, kilizidisha kumeza kwangu.

Basi aliupunguza msukumo kwa kadiri iliyobaki kunilinda, akaiweka mashine ianze polepole na kulegeza kila nitoapo pumzi. Nyumbani tuliuinua upande wa kichwa wa kitanda kwa vipande viwili vya mbao, maana mito mingi hukunja shingo na kulibana tumbo. Nikajifunza kulalia ubavu wa kushoto, kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kula mapema, na kuacha soda jioni. Chombo cha maji kinachoilainisha hewa nilikitia maji safi kila usiku, na mpira, ambao katika baridi yetu hukusanya matone ya umande ndani yake, nikaupitisha chini ya blanketi. Haikuwa dawa ya siku moja. Juma la kwanza tumbo lilipungua nusu. Juma la tatu niliamka, nikafunga kifungo cha suruali bila kukivuta, na nilipotoka sebuleni mke wangu alikuwa bado amelala, usingizi ambao sikuwa nimeuona usoni pake kwa miaka.

Sisi watu wa Usambara hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili, kwa kuwa milima yetu ina historia yake ya dawa na kipimo. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda mikwinini, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia magome ya miti hiyo yalitoa kwinini kwa askari waliokuwa wamefungiwa njia ya bahari. Kwinini iliponya homa, na ikizidi kipimo ilivumisha masikio. Tabibu mwenye hekima aliyeambiwa na mgonjwa wake kwamba masikio yanalia hakumwamuru anyamaze, wala hakuamuru mti ukatwe, aliipunguza dawa. Hewa ya mashine nayo ni dawa, na msukumo wake ndio kipimo, na tumbo lililojaa ni sauti ya mwili ikisema kwamba kipimo hicho hakijakaa sawa. Kumnyamazisha mgonjwa ni kuivunja mizani, na mgonjwa kujinyamazisha mwenyewe ni vivyo hivyo.

Chombo chenyewe hakikuja duniani kikiwa kamili. Tabibu Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walikijaribu mwaka 1980 kwa kipulizi kilichotokana na mota ya mashine ya kufyonza vumbi, wakatangaza mwaka 1981, katika jarida la The Lancet, habari za wagonjwa 5 tu. Tangu hapo kimerekebishwa mara nyingi: zipo mashine zinazojipimia haja ya kila saa ya usiku, na zipo zenye misukumo miwili, mkubwa wa kuvuta pumzi na mdogo wa kuitoa, ambazo humfaa yule ambaye tumbo lake halikutulia kwa njia nyepesi. Ikiwa chombo kimekubali kurekebishwa kwa zaidi ya miaka 40, kwa nini mgonjwa aamini kwamba kilivyokabidhiwa kwake siku ya kwanza ndivyo kitakavyobaki?

Kwa hiyo nasema kwamba kumpa mtu mashine bila ya kumfuatilia si kumtibu. Wanaotoa na wanaouza mashine hizi wana wajibu wa kumwambia kila mgonjwa, kabla hajaondoka, kwamba tumbo laweza kujaa na kwamba kujaa huko kuna dawa. Kisha wamuulize tena baada ya juma moja, kwa simu ikibidi, maana majuma ya mwanzo ndiyo ambayo mtu huamua kushikamana na mashine au kuifungia. Mganga wa huku kwetu Mlalo au Soni hahitaji kuwa bingwa wa usingizi ili aulize maswali yale matatu ya pua, kinywa na kiungulia, wala hahitaji kuugusa msukumo. Na kumbukumbu ya mashine yaweza kusomwa wilayani ikapelekwa kwa bingwa aliye mbali, ili mzee wa Lukozi asilazimike kuteremka mlima na kulala safarini kwa ajili ya marekebisho ya dakika chache. Bunge letu lilipitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni insafu kwamba pale bima itakapogharimia chombo cha namna hii, igharimie na ufuatiliaji wake, kwa sababu chombo kilichokaa sandukuni ni mali iliyopotea na ni mtu aliyepotea.

Nawafahamu wanaosema kwamba ni heri kukoroma kuliko kuamka na tumbo la hewa. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nami nayajutia. Pumzi inayokatika kila usiku hufuatana na shinikizo la damu, na kiharusi, na usingizi wa mchana usiochagua mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana maradhi haya, na miongoni mwa idadi hiyo hapana budi wamo madereva. Nani katika sisi asiyeijua barabara ya Mombo, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, na nani atakayekubali kupanda gari ambalo mwenye usukani wake hakulala kwa kuwa aliona haya kumwambia tabibu kwamba anabeua?

Basi ndugu msomaji, ikiwa una mashine hii na tumbo lako hujaa, usiifungie, wala usiubadilishe msukumo kwa mkono wako mwenyewe. Nenda ukaseme, tena useme kwa maneno ya wazi. Maumivu yakiwa makali, tumbo likawa gumu, au kutapika kukafuata, usingoje kesho. Na ikiwa huumwi wewe bali unalala karibu na anayeumwa, fanya alivyonifanyia mke wangu: ifunge mashine kwenye kanga, umshike mkono, mwende pamoja.