Mashine Hairudi Kuuliza

Wengi wenu mna mtoto au jamaa mjini anayejifunza kazi ya kompyuta. Akija likizo husema, "Baba, naandika amri za seva." Mzee huitikia, "Haya," na mazungumzo yakaishia hapo. Leo natuyatazame mambo hayo, maana hata pesa tunazotumiana kwa simu hupitia katika seva.

Seva ni kompyuta inayotumikia kompyuta nyingine: huweka habari na kuzitoa zinapoombwa. Nao wasemapo "wingu", msitazame juu. Wingu hilo ni majumba yaliyo hapa hapa duniani, yamejaa seva maelfu kwa maelfu, nazo hufikiwa kwa njia ya intaneti. Hapana mtu awezaye kuzizungukia moja moja. Kwa hiyo fundi huandika amri zake kwa taratibu, moja chini ya nyingine, kisha huzituma kwa mara moja. Hivyo amri ya seva moja yaweza kuwa amri ya seva elfu.

Hapo ndipo penye hatari. Ukimtuma mtoto achinje jogoo, naye akasikia "majogoo yote", atarudi akuulize. Mashine hairudi kuuliza.

Sikilizeni yaliyotokea Marekani tarehe 28 Februari 2017, katika seva za Amazon zilizo kaskazini ya jimbo la Virginia. Kazi ya hesabu za malipo ilikuwa ikienda polepole. Fundi mmoja mwenye ruhusa akafuata utaratibu ulioandikwa, akatoa amri ya kuondoa seva chache. Sehemu moja ya amri ikaandikwa vibaya, zikaondoka nyingi. Miongoni mwake zilikuwamo zilizotunza daftari la kujua kila kitu kimewekwa wapi. Ghala bila daftari, nani atapata gunia lake?

Ikawa lazima kuwasha upya sehemu nzima, jambo ambalo halikufanyika kwa miaka mingi, na wakati huo mitambo ilikuwa imekua mno. Zikapita saa 4 na dakika 17 kabla mambo hayajarudi sawa. Watu wengi waliotegemea seva hizo kazi zao zikasimama. Hata ubao wa kuwatangazia wateja hali ya mitambo haukuweza kubadilishwa, kwa kuwa nao ulitegemea seva zile zile. Ni kama kufungia ufunguo wa ghala ndani ya ghala.

Baadaye Amazon walieleza habari yote waziwazi, wala hawakumtaja fundi kwa jina. Walitengeneza chombo chenyewe: sasa kiondoe seva polepole, tena kikatae amri yo yote itakayoacha seva pungufu ya zinazohitajiwa.

Hili ndilo fundisho. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ulimi utajikwaa tu, na mkono pia, hata wa fundi hodari. Kumwambia "uwe mwangalifu" hakutoshi. Kizuizi kiwekwe ndani ya chombo.

Basi, baba na mama, kijana wenu akija likizo, msimwulize tu mashine zake zina mbio gani. Mwulizeni, "Ukikosea, nini kitaisimamisha amri yako?" Akiwa na jibu, ada mliyolipa haikupotea.