Wote Walikula? Si Kweli

Kila yanapozungumzwa mambo ya Lance Armstrong, yule Mmarekani aliyenyang'anywa ushindi wa mbio za baiskeli za Tour de France mara saba, hakosekani mtu wa kumtetea kwa neno moja: ati wakati ule wote walikuwa wakitumia dawa, kwa hivyo mbio zilikuwa sawa na hapana aliyedhulumiwa. Neno hili nimelisikia kwa vijana, na nimelisikia kwa watu wazima wanaoswali safu ya mbele. Mimi silikubali asilani. Kwanza si kweli. Pili, lamfuta mtu ambaye alikuwepo.

Mtu huyo ni Christophe Bassons, Mfaransa, na kisa chake chaanzia mwaka 1998. Siku chache kabla ya mbio za mwaka huo, maofisa wa forodha mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa walilisimamisha gari la Willy Voet, mtumishi wa timu ya Festina, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakanda wapanda baiskeli. Ndani ya gari mlikuwa na shehena ya madawa, na kubwa lao EPO. Hii EPO asili yake haina ubaya. Figo za binadamu huitengeneza zenyewe ili mifupa izalishe chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa mwilini, na matabibu waliifanya dawa kwa ajili ya wagonjwa wa figo ambao damu yao imepungua. Mwenye afya akijidunga, chembe huzidi, mlima humwia mwepesi, na damu yake huwa nzito hata roho ikawa hatarini. Wakubwa wa mchezo hawakuwa na kipimo cha kuigundua mpaka mwaka 2000. Walichofanya mwaka 1997 ni kuweka sheria kwamba chembe zisizidi asilimia 50 ya damu. Niwie radhi msomaji, lakini sheria hiyo naiona kama kumwambia muuza maziwa: tia maji, ila usipite nusu.

Basi wapandaji wa Festina walipohojiwa na polisi, wenzake Bassons wenyewe walikiri kwamba yeye hakuwa akitumia. Ushahidi gani ushindao ule wa mwizi anayesema fulani hakuwemo? Mwaka uliofuata, akiwa katika timu nyingine, kijana wa miaka 25, aliandika katika gazeti la Le Parisien mbio zikiendelea, akautilia shaka mwendo waliokuwa wakienda watu. Wenzake wakamsusa. Siku ya kuupanda mlima wa Alpe d'Huez, Armstrong, tayari akiwa na jezi ya manjano ya kiongozi, alimsogelea akamwambia kuwa maneno yake yanauharibu mchezo, na ni heri aende zake nyumbani. Siku chache baadaye Bassons alifungasha. Mwaka 2001 akauacha mchezo kabisa.

Sasa na ajitokeze yule anayesema wote walikula.

Kuna na Filippo Simeoni, Mwitaliano. Huyu alikuwa ametumia dawa na akaadhibiwa, lakini mbele ya mahakama alisema ukweli kwamba aliyempa maelekezo ni tabibu Michele Ferrari. Ferrari alikuwa tabibu wa Armstrong pia, na Armstrong akamwita Simeoni mwongo. Mwaka 2004 ikatokea siku ambayo Simeoni alichomoka kuwafuata watu wachache waliotangulia mbele, watu wa nyuma kabisa katika hesabu ya jumla, wasiomtisha yeyote. Yafaa ielezwe kwamba katika mbio hizi kundi kubwa huwaachia watu kama hao wakapata riziki yao ya siku moja. Lakini mwenye jezi ya manjano akiwemo, kundi haliwezi kuwaachia, litawafukuza tu. Armstrong, ambaye ushindi ulikuwa tayari mkononi, alimfuata mwenyewe. Wale wa mbele wakafahamu kuwa wamekwisha, na ikambidi Simeoni arudi nyuma pamoja naye ili wenzake wapate kuokoka. Armstrong akapitisha vidole midomoni mbele ya kamera, kama mtu afungaye zipu. Ulimwengu mzima ulitazama, na wengi walicheka.

Sote twakijua kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka lililokuwa kavu juu, vidole vikagusa majimaji chini yake, naye akamkataa mwenye kughushi. Hapo palikuwa na muuzaji mmoja na rundo moja. Katika mbio za baiskeli za miaka ile, soko zima liliafikiana kumpiga yule anayetia mkono. Ndiyo maana mimi nasema dawa haikuwa dhambi kubwa ya watu wale. Kubwa lilikuwa kumtoa mkweli sokoni.

Tutazame na malipo. Ripoti ya Wamarekani ilitoka mwaka 2012, ushindi wote saba ukafutwa, na Januari 2013 Armstrong akakiri katika televisheni. Gazeti la Sunday Times la London, ambalo mwaka 2006 lilikuwa limemlipa paundi 300,000 kwa kesi ya kumchafulia jina, lilimrudia mwaka 2013 na wakapatana. Serikali ya Marekani ilipatana naye mwaka 2018 kwa dola milioni 5, na katika hizo Floyd Landis, mwenziwe wa zamani, naye mla dawa aliyefichua mambo, alipata milioni 1.1. Alhamdulillahi, wenye mawakili wamelipwa. Lakini kwetu sisi toba ina masharti yake, na haki ya mja hurudishwa kwa mja mwenyewe. Bassons alipewa nini? Kijana wa miaka 25 akifukuzwa kazini, miaka ile hairudi hata kwa hukumu ya kadhi.

Na deni hilo lawapata hata waliokuja baadaye. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kujifunza baiskeli katika vilima vya Kikuyu kabla ya kuiwakilisha Uingereza, alikuwa akiongoza Tour de France mwaka 2015 alipomwagiwa mkojo na mtazamaji wa kando ya njia aliyemwita mla dawa. Huo ulikuwa urithi aliouacha Armstrong.

Wala tusiwacheke Wazungu. EPO hiyo hiyo ndiyo iliyopatikana mwaka 2014 katika mwili wa Rita Jeptoo wetu, aliyekuwa bingwa wa mbio za Boston. Nami hujiuliza, katika kambi zetu za wakimbiaji, kijana atakayesimama na kusema hapa pana sindano, atasindikizwa na nani mpaka kituo cha basi?

Katika orodha ya washindi wa Tour de France, mistari ya mwaka 1999 hadi 2005 imeachwa bila jina, maana hata waliomfuata Armstrong wengi wao walikuwa na doa. Lakini matokeo mengine ya mwaka 1999 yangalipo, na humo jina la Bassons limo pamoja na wale walioacha mashindano. Hakuacha. Alifukuzwa, na aliyemfukuza ajulikana. Wakubwa wa mchezo waanze kwa kulisahihisha neno hilo.