Soko la bima limefunguliwa, mashariki bado inangoja

Kwa karibu nusu karne, kusema bima katika Kongo ilikuwa kusema SONAS. Kampuni hiyo ya Leta iliundwa mwaka 1966, na ndiyo peke yake iliyokuwa na haki ya kuuza asiransi nchini. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba huo. Mwaka 2019, ARCA, mamlaka inayosimamia sekta hii, ilitoa ruhusa kwa makampuni ya kwanza ya binafsi. Leo kuna Rawsur, kuna Activa yenye asili ya Kameruni, kuna Mayfair iliyotoka Kenya, na mengine.

Hawakuja kwa kututembelea. Nchi ina watu zaidi ya milioni 100, na wengi wao hawajawahi kutia sahihi mkataba hata mmoja wa bima. Bima ya gari ni ya lazima. Isitoshe, sheria inakataza hatari iliyoko Kongo kuwekewa bima moja kwa moja na kampuni ya nje isiyo na ruhusa hapa. Mgodi wa Kolwezi hauwezi tena, kisheria, kuruka makampuni ya hapa na kupeleka malipo yake moja kwa moja London. Sehemu kubwa ya hatari nzito kama hiyo bado itagawiwa kwa makampuni ya nje, maana hakuna kampuni changa inayoweza kuibeba peke yake, lakini kazi, kodi na ujuzi fulani vinabaki nyumbani. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, na tunausifu.

Ila mwekezaji akipewa wateja kwa nguvu ya sheria, ni haki kuuliza wateja wenyewe wanapata nini. Hasa sisi wa mashariki.

Tumwangalie mfanyabiashara wa Butembo. Mzigo wake unatoka China, unashuka Mombasa, unapita Uganda na kuingia Kasindi. Bima ya kweli ingemsaidia mara mbili: lori likipinduka hafilisiki, na benki inamkopesha kwa moyo mwepesi zaidi kwa kuwa mali ina kinga. Sasa asome mkataba mpaka chini. Kwa kawaida vita, uasi na uporaji unaofuatana navyo vimeondolewa, isipokuwa viwe vimekubaliwa na kulipiwa kando. Yaani kile anachokiogopa zaidi kati ya Kasindi na Beni ndicho kisichokingwa. Na waliokuwa na depo Goma mwishoni mwa Januari 2025, wakati M23 ilipouteka mji, hawahitaji kuelezwa maana ya kifungu hicho.

Hatuwezi kuyalaumu makampuni kwa kukimbia vita. Kampuni ikilipa hasara za vita kwa bei ya kawaida itaanguka, na wateja wake wote wataanguka nayo. Hapo ndipo Leta inapotakiwa. Kongo ni mwanachama wa ATIDI, taasisi ya Kiafrika yenye makao yake Nairobi, ambayo hukinga biashara na uwekezaji dhidi ya hatari za kisiasa, vita vikiwemo. Serikali itafute njia ya kinga hiyo kushuka hadi kwa shirika la waagizaji wa Butembo au Bunia, isiishie kwenye miradi mikubwa.

Kuna pia mlima. Nyiragongo ilitapika mwaka 2002, lava ikapita katikati ya Goma; ikatapika tena tarehe 22 Mei 2021 na maelfu ya nyumba zikaangamia. Waliopoteza walingoja misaada. Ufaransa, tangu mwaka 1982, kila mkataba wa bima ya nyumba unakatwa nyongeza kidogo kwa ajili ya majanga ya asili, na serikali inasimama nyuma kama mdhamini. Sisi wenye volkano mlangoni tungekuwa tumeshalijadili jambo hili bungeni zamani.

Lakini yote hayo yatakuwa bure ikiwa malipo hayatoki. Wenye magari wengi wananunua bima ili wawe na karatasi ya kumwonyesha polisi wa barabarani. Hawaifikirii kama pesa itakayomtibu mpita njia waliyemgonga. Mazoea hayo yametokana na miaka mingi ya mafaili yanayozunguka ofisini bila jibu, na matangazo ya kampuni mpya hayatayaondoa.

ARCA inaweza kuanza na jambo lisilo na gharama kubwa. Idai kutoka kwa kila kampuni namba hizi: madai mangapi yamepokelewa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, mangapi yamelipwa, na baada ya siku ngapi. Izichapishe kila mwaka, jina la kampuni kando ya namba zake, ili mwenye lori ajue aingie mlango gani kabla hajatoa dola zake.