RIMU ZA MAGNESIAMU: Watu Wanaogopa Moto, Kumbe Balaa Liko Kwenye Ufa

Kuna staa mmoja wa Los Angeles, jina kapuni, ambaye wiki haipiti bila kuposti ndinga yake ya mwaka 1966. Rangi nyeusi, injini V8, na chini rimu nne za magnesiamu za enzi hizohizo, zimesuguliwa mpaka mtu anaweza kujitazamia meno. Klipu ya mwisho inamwonyesha akikata upepo kwenye barabara ya pwani kuelekea Malibu, mkono mmoja kwenye usukani, binti yake mdogo kakaa pembeni anacheka.

Laiki zikamwagika. Halafu ikaanza ligi. Kundi moja likasema zile rimu ni bomu, zikipata cheche tu gari zima linageuka fataki. Kundi la pili likacheka: magnesiamu haiwaki kirahisi hivyo, acheni ushamba. Staa mwenyewe akajibu kwa kiemoji cha moto, basi. Kila upande ukaondoka umejipa ushindi.

Shida ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zinabishana juu ya kitu ambacho siyo tishio kubwa la zile rimu.

MOTO UPO, ILA SIYO KAMA WANAVYODHANI

Ukweli wa moto uko hivi. Magnesiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 650 hivi za Selsiasi. Kipande kinene kama rimu hakishiki moto kwa cheche ya barabarani, kwa sababu joto husambaa mwilini mwake kabla halijafika pabaya. Breki za mtu anayeenda kununua kahawa haziwezi kuifikisha huko. Kwa hiyo wale wa "bomu" walitia chumvi.

Ila waliocheka nao hawakusema yote. Gari likiungua kwa petroli, rimu inaweza kufuatia. Ikishawaka, joto lake hufika nyuzi 3,000 hivi, na maji hayaizimi. Yakigusa magnesiamu inayoungua hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo nayo inawaka. Kizimamoto cha kaboni daioksaidi hakisaidii pia, maana magnesiamu inaendelea kuungua humohumo. Inatakiwa poda maalumu ya moto wa metali, na hiyo siyo kitu kinachokaa kwenye buti ya gari la mtu yeyote.

Historia ya mashindano inajua hili vizuri. Mwaka 1955 kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, gari la Mercedes 300 SLR lenye bodi ya aloi ya magnesiamu liliruka kuelekea kwa watazamaji. Dereva Pierre Levegh alikufa pamoja na watazamaji zaidi ya 80. Wengi waliuawa na vipande vizito vilivyorushwa, lakini moto wa ile bodi ulikuwa mkali, na maji ya waokoaji yakauchochea badala ya kuuzima. Mwaka 1968 huko Rouen, Jo Schlesser alifia ndani ya Honda RA302, gari jingine lenye bodi ya magnesiamu, lilipopata ajali na kuwaka.

Hizo zilikuwa bodi, siyo rimu, na zilikuwa mbio. Anayeongelea rimu za mtaani kwa kutumia Le Mans anachanganya mambo mawili. Rimu hazianzishi moto hovyo, ila moto ukizifikia, mambo yanakuwa magumu kwa kila aliye karibu.

ZILITENGENEZWA KWA KAZI GANI?

Hapa ndipo penyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ted Halibrand, aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya ndege ya Douglas huko California, alijenga jina kwa rimu za magnesiamu za magari ya mashindano. Hesabu yake ilikuwa rahisi: magnesiamu ni nyepesi kuliko alumini kwa karibu theluthi moja, na gari jepesi linakimbia. Miaka ya 1950 mbio za Indianapolis 500 zilijaa rimu zake.

Vijana wa mtaani wakaona, wakazitaka. Kampuni ya American Racing, iliyoanza San Francisco mwaka 1956, nayo ikaingia kwenye soko hilo. Italia, Campagnolo ikatengeneza rimu za magnesiamu za Lamborghini Miura. Baadaye viwanda vingi vikahamia alumini, lakini jina likabaki. Ndiyo maana huko Afrika Kusini hadi leo rimu yoyote ya aloi inaitwa "mag", hata kama haina magnesiamu ya kutosha kujaza kijiko.

Sasa, rimu ya mashindano ina mkataba wake. Inafungwa na fundi anayeivua baada ya mbio, anaiosha, anaitafuta nyufa, na siku ikimtia shaka anaitupa. Hakuna aliyeimimina miaka ya 1960 akiwaza kwamba mtu ataiendesha miaka 60 baadaye, kwenye mashimo, huku mtoto kakaa kiti cha mbele.

METALI INAYOLIWA

Magnesiamu ina tabia moja ambayo wanaopiga picha hawaisemi. Ikikutana na chuma mahali penye unyevu na chumvi, yenyewe ndiyo inayoliwa. Kuna watu wanaitumia kwa kazi hiyohiyo: ndani ya matangi mengi ya hita za maji kuna fimbo ya magnesiamu iliyowekwa makusudi iliwe taratibu, ili tangi la chuma libaki zima.

Rimu ya magnesiamu imefungwa wapi? Kwenye habu ya chuma, kwa nati za chuma. Staa anaendesha wapi? Kando ya bahari ya Pasifiki, upepo wa chumvi unapiga mwaka mzima. Huko kaskazini mwa Marekani ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Viwanda vilijua, ndiyo maana vilizipaka dawa ya kuzikinga. Lakini rimu iliyosuguliwa ing'ae kama kioo imeshavuliwa ile kinga. Kinachovutia kwenye picha ndicho kinachoiacha uchi.

Na uozo wake hauanzii pale kamera inapoangalia. Unaanzia nyuma, rimu inapolalia habu, na ndani, tairi linapobana ukingo. Vishimo vidogo, unga mweupe kidogo. Kila kishimo ni mahali ufa unaweza kuanzia. Kila kona, kila breki, kila tuta linaukunja ufa kidogo, unarudi, unakunjwa tena. Siku ya siku, spoku moja inaachia, zilizobaki zinabeba mzigo usio wao. Hakuna anayepigiwa simu kwanza.

Rimu ikivunjika kwenye mwendo wa barabara kuu, gari linaangukia breki, usukani unakuwa pambo, na kipande kilichotoka kinakwenda kinakotaka. Kinaweza kumkuta mtu kwenye gari dogo la kukodi, au mtembea kwa miguu ambaye hata hajui magnesiamu ni nini.

UTETEZI WAO

Wanaozitetea wana hoja, na zinastahili jibu.

Ya kwanza: "Mbona zimedumu miaka 60?" Zimedumu zile zilizodumu. Zilizovunjika hazipo sokoni kutoa ushahidi. Na rimu nyingi za kale zilikaa stoo miongo kadhaa, hivyo umri siyo sawa na kilomita. Mbaya zaidi, mnunuzi wa gulio la spea kule Pomona hajui kama rimu aliyoishika iliwahi kugonga ukuta mwaka 1971 au iliwahi kuchomelewa. Rangi mpya huficha, na msasa huficha zaidi.

Ya pili: "Hata Porsche wanauza rimu za magnesiamu leo." Kweli, na hii inathibitisha kwamba metali yenyewe haina kosa. Lakini za leo zinafuliwa kwa shinikizo kubwa, siyo kumiminwa tu kwenye mchanga kama za zamani, na zinapakwa kinga ya kisasa. Kulinganisha hizo na rimu ya 1966 ni kulinganisha mbao mpya na boriti iliyokaa na mchwa.

Ya tatu: "Fundi wangu kaziangalia, ziko poa." Kaziangalia kwa nini? Jicho halitoshi. Ufa mwembamba hutafutwa kwa dawa ya rangi inayopenya kisha kujitokeza juu, na uliojificha ndani hutafutwa kwa eksirei. Kupima kwa sumaku hakufai, maana magnesiamu haishikwi na sumaku. Kipimo chenyewe kinatakiwa kurudiwa, siyo kufanywa mara moja na kuandikwa kwenye tangazo la kuuza. Na fundi wa kwenye kona anayetaka kuisugua au kuichomelea rimu hiyo yuko hatarini kuliko dereva: rimu nzima haiwaki hovyo, lakini vumbi na vinyweleo vyake vinawaka haraka sana.

KWA WA HUKU

Kwa vijana wa Dar au Nairobi, hakuna haja ya kukimbilia gereji leo. Rimu za aloi zinazouzwa huku, mpya au za mtumba, karibu zote ni alumini. Asiye na uhakika anaweza kudondosha siki kidogo sehemu isiyo na rangi, upande wa nyuma. Magnesiamu itatoa mapovu, alumini itatulia. Lakini somo la ufa halichagui metali. Rimu ya mtumba iliyochomelewa na kupakwa rangi inayong'aa ni fumbo lilelile, kwa bei ndogo zaidi.

KWA HIYO AFANYE NINI?

Azivue. Siyo azitupe, maana ni historia, na thamani yake inajulikana. Azitundike ukutani, azifunge siku ya maonyesho gari likiwa limesimama, au ampe mtu wa mbio za kale anayezipima kwa ratiba. Kwa barabarani kuna rimu za alumini zenye sura ileile, na zile Torq-Thrust maarufu bado zinatengenezwa kwa alumini. Kwenye klipu ya sekunde 15 hakuna mfuasi atakayeona tofauti.

Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa rimu hauzibwi, na baada yake hakuna ukuta wa kujenga. Staa ni mtu mzima, akitaka kujihatarisha peke yake kwenye uwanja uliofungwa, hilo ni lake. Ila kwenye ile klipu kulikuwa na mtu mwingine ndani ya gari, anacheka, hajaulizwa chochote kuhusu rimu.