Permi ya kununua haivuki mpaka



Ndugu zetu waliofika Marekani wanatuambia kitu kimoja kila mara ku simu, na sisi hatukisikii vizuri: kule, bila permi ya kuendesha gari, hauna miguu. Tunafikiri ni majivuno, mtu anataka tu kujionesha na gari. Hapana. Ni habari ya kula.

Mu mwaka wa bajeti wa 2023, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18.000 kutoka Congo. Hakuna nchi nyingine iliyotupita mwaka ule. Wengi wao walikuwa wamemaliza miaka mingi mu kambi, Nyarugusu kule Tanzania, ao Nakivale na Kyangwali kule Uganda. Mwezi wa kwanza 2025 serikali yao ilisimamisha ile programu, lakini waliokwisha kuingia wako kule na maisha inaendelea. Msaada wa kuwapokea ulikuwa wa siku 90. Kisha hapo ni wewe na kodi ya nyumba. Kazi inapatikana ku depo ao ku kiwanda cha nyama, mbali na mtaa, na wanaingia mbele jua halijatoka, saa ambayo fasi nyingi bisi haipiti. Hakuna motari wa kusimamisha ku kona.

Kule kila jimbo linatoa permi yake na lina sheria zake. Tukamate mfano wa Texas, fasi Wakongomani wengi wanaishi. Mtihani wa kuandika una maswali 30, na lazima upate 21. Unafanywa mu Kiingereza ao mu Kihispania, Kiswahili hakimo. Kama uko na miaka 18 mpaka 24, mbele ya yote unapita masomo ya saa 6. Kisha unakuja na gari yenye asuransi, mwenye kukupima anakaa pembeni yako, unaendesha, unarudi nyuma, unaegesha kati ya alama. Ukishindwa mara 3, unafungua dosie upya na unalipa tena. Na aliyekomalia Tanzania ao Uganda, macho yake yamezoea gari kupita kushoto. Kule, sawa na kwetu, inapita kuume.

Kuko na mtego mwingine, na huu mumuambie kila ndugu aliye kule. Sheria ya 1993 inaomba biro za permi ziulize watu kama wanataka kujiandikisha kwa kupiga kura. Asiyejua lugha anasema «yes» kwa kila swali, juu ya heshima. Lakini mgeni ambaye hajapata uraia akiandika kwamba ni raia, anaweza kupoteza haki ya kubakia ile nchi. Jibu ni moja: hapana. Na kama hujaelewa karatasi, usitie sahihi.

Sasa swali linalotuhusu sisi tuliobaki hapa. Texas ina makubaliano na Ufaransa, na Ujerumani, na Korea ya Kusini: mwenye permi ya kule anaweza kupata ya Texas bila kurudilia mtihani. Congo haimo. Ile permi ya kimataifa ambayo watu wanalipia mbele ya safari, nayo si dawa: ni tafsiri tu ya permi yako, inasaidia mgeni wa kupita, haisaidii mtu aliyehamia.

Ni chuki? Tusijidanganye. Nchi inakubali karatasi ya nchi ingine kama inaamini ule mtihani ulioizaa. Na yetu, nani anaiamini? Kila mmoja wetu anajua mtu aliyepata permi bila kugusa volanti mbele ya mtu wa kumpima. Alitoa franga, alitoa picha, alirudi kisha siku mbili. Hatumtukani yule mtu. Alikuwa anatafuta kazi ya shofere, na njia ya haki ilikuwa ndefu kuliko mfuko wake. Tunasema tu: kile alichonunua ni karatasi, na karatasi haijui kufunga frein.

Mwingine atasema: hata tukifanya mtihani wa kweli hapa, Texas itakataa tu, sasa faida ni gani? Ni kweli, karatasi itabakia ku mpaka. Lakini mikono itavuka. Mwenye kupima kule haulizi ulisomea wapi. Anaangalia kama unatazama kioo, kama unasimama ku alama, kama unaachia mwenye miguu apite. Aliyejifunza kweli hapa, kule atapambana na lugha peke yake. Aliyenunua atapambana na lugha na gari, vyote viwili, na kodi inamungojea.

Na wengi wetu hatutaenda popote. Tuko hapa, na diploma zetu na bila kazi, tunapanda bisi na moto kila siku, tunavuka barabara na watoto. Ile permi ya kununua, sisi njo tunailipa.

Tunalalamika kwamba mama wa Uvira hawezi kufanya mtihani wa Texas mu Kiswahili. Ni haki kulalamika. Lakini vitabu vya sheria ya barabara tunavyoona hapa kwetu ni vya Kifaransa, wakati katiba ya 2006 inasema Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa. Tuanzie nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba serikali:

– bei ya permi ibandikwe ku mlango wa kila biro, na kila franga itolewe na risiti;
– permi yoyote isitoke bila mtihani wa kuandika na wa barabarani, na jina la aliyepima liandikwe mu dosie;
– kitabu na mtihani vipatikane mu Kiswahili na mu lugha zingine za taifa.

Na wewe unayesoma: kama unajifunza kuendesha, jifunze kweli. Siku ile wataomba uonyeshe, hautaonyesha karatasi. Utaonyesha mikono.