Mgeni Apitishwe Barabara ya Jogoo

Mgeni afikaye Nairobi kwa matembezi hukuta amekwisha kupangiwa safari isiyobadilika: asubuhi hupelekwa mbugani kutazama simba, adhuhuri huonyeshwa twiga wa Lang'ata na nyumba ya Karen Blixen, jioni hurudishwa hotelini, na kesho yake hupanda gari kwenda Masai Mara akiamini kwamba mji wetu ameujua. Aghalabu gari lake halifiki Barabara ya Jogoo, katika mitaa ya mashariki tunayoiita Eastlands. Na ikitokea kwamba ametaka kuona maskani ya raia wa kawaida, huchukuliwa Kibera kupiga picha mitaro na watoto wa watu, biashara ambayo kwa maoni yangu ni utovu wa adabu, hata kama sehemu ya malipo yake huishia mifukoni mwa wenyeji.

Wenzetu hufanya vingine. Huko Wales, magharibi ya kisiwa cha Uingereza, kuna mji uitwao St Davids ambao wakazi wake hawatimii 2,000, watu ambao kwetu wangeenea katika maghorofa machache ya mtaa wa Pipeline. Walakini kanisa lake kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1181, huvuta wageni kutoka pande zote za dunia, na wenyeji huishi kwa riziki itokanayo na wageni hao. Hata makanisa madogo ya vijijini, yaliyokwisha kuhamwa na waumini, yamepata mlezi, kwa maana iko jumuiya iliyoundwa mwaka 1957 ambayo leo huyatunza makanisa ya namna hiyo Wales na Uingereza. Sisi makanisa yetu hujaa Jumapili hata watu wakasimama nje, na misikiti yetu vivyo hivyo siku ya Ijumaa; ajabu ni kwamba majengo yenye uhai kiasi hicho hayamo katika ratiba ya mgeni, wala, jambo ambalo ni zito zaidi, hayamo katika fikira za wale wanaochora ramani mpya za Eastlands.

Laiti ningeulizwa na wenye kampuni za utalii, ningewaambia waanzie Kariokor, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi waliochukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kama ilivyokuwa Kariakoo ya Dar es Salaam. Waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Leo hapo pana soko la viondo, viatu vya ngozi vilivyotiwa shanga, na mbuzi wa kuchoma, na hapo hapo Kariokor pana makaburi ya vita yatunzwayo vizuri kabisa. Mgeni angeweza kula, kununua na kusoma tarehe za marehemu katika muda wa saa moja.

Kutoka hapo avuke aende Pumwani, ambako ningependa akawie. Mtaa huo ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoazimia kuwakusanya Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji vilivyoitwa Kaburini, Maskini na Mombasa. Kijiji cha Pangani kikabaki hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, nacho kikabomolewa, watu wake wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Waliojenga sehemu ya Pumwani iitwayo Majengo, ambao wengi wao walikuwa wanawake waliojitafutia mali kwa jasho lao, walipewa ruhusa ya kujenga bila ya kupewa ardhi yenyewe, wakainua nyumba za Kiswahili kwa fito na udongo: ukumbi katikati toka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vimepangana kulia na kushoto, jiko na choo nyuma, na mbele baraza ambapo hadi leo utamkuta mama ameteleka sufuria ya mbaazi za nazi, mahamri yamefunikwa kwa kitambaa, na viazi karai vinatoka mafutani. Tumeitia Lamu katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na ni haki yake, ilhali binamu yake wa Pumwani, aliyejengwa na watu wa kabila mbalimbali waliokutana katika dini moja na lugha moja mamia ya maili kutoka baharini, anaanguka chumba baada ya chumba bila ya mtu kumpima wala kumchora.

Katika mtaa huo huo umo Msikiti wa Riyadha, limo Kanisa la Mtakatifu Yohana lililotokana na kazi ya misheni ya CMS, na iko hospitali ya uzazi iliyoanza mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana, ambayo sasa ni Pumwani Maternity. Sina hakika kama kuna familia ya Eastlands isiyo na mtu aliyezaliwa pale. Ukielekea mjini utapita Kanisa la Mtakatifu Petro Claver, lililowekwa kwa ajili ya Wakatoliki wa Kiafrika katika zama ambazo rangi ya ngozi iliamua mtu asali wapi, likapewa jina la padri wa karne ya 17 aliyewahudumia watumwa Cartagena. Ukielekea Bahati, mtaa ulioonja ukali wa Operesheni Anvil, msako wa wakoloni wa mwezi wa Aprili 1954, utakuta kanisa la PCEA ambalo jina lake linawataja wafia dini. Nako Mbotela kunamkumbusha Tom Mbotela wa chama cha KAU, aliyeuawa mwezi wa Novemba 1952, mwana wa yule James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Na Ofafa kunamkumbusha diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Wapangaji wengi wa mitaa hiyo hutaja majina haya kila siku kwa makanga wa matatu, pasipo kibao kimoja cha kuwaeleza watoto wao ni ya nani.

Sasa nafika Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, kwa sehemu na mateka wa Kiitalia, kwa mfano wa miji ya bustani ya Uingereza: nyumba za mawe na vigae zimeuzunguka uwanja wa majani, na katikati ukumbi, shule, zahanati na maktaba. Ukumbi ule ulisikia hotuba za siasa kabla Bunge letu halijawa letu. Maktaba yake, pamoja na ya Makadara, ni matawi ya Maktaba ya McMillan, ambayo milango yake ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi karibu na Uhuru. Nayo matawi hayo mawili yamekarabatiwa miaka hii ya karibuni na jumuiya ya Book Bunk kwa kushirikiana na kaunti, yakatiwa rangi, rafu na vitabu, na watoto wakarudi. Hii kwangu ni ithibati tosha kwamba jengo kuukuu likitumiwa na wenyewe hudumu, na mgeni huja mwenyewe likiwa linapendeza.

Najua nitaambiwa kwamba watu wanahitaji nyumba, si kumbukumbu, na msemaji huyo hakosei. Nyumba nyingi za Eastlands zilijengwa kwa ajili ya mwanamume mmoja mwenye kitanda kimoja, kwa kuwa mkoloni hakutaka Mwafrika alete mke mjini akatia mizizi. Leo humo wamo watu sita, pazia likitenga wazazi na watoto, na foleni ya choo cha pamoja huanza alfajiri. Atakayesema vyumba hivyo vihifadhiwe jinsi vilivyo, na alale humo yeye kwanza. Yajengwe maghorofa. Lakini hasha, ukumbi wa Kaloleni haukumzuia mtu yeyote kupata chumba cha kulala, wala maktaba ya Makadara, wala uwanja wa Camp Toyoyo pale Jericho ambako vijana hucheza mpira wakitazamwa bure. Na tunajua sote, kwa maghorofa tuliyokwisha kuyaona mjini, kwamba kiwanja kikishaliwa hakirudi.

Basi kabla mkandarasi hajakabidhiwa mtaa wowote, Makumbusho ya Taifa, ambayo sheria ya mwaka 2006 inaipa nafasi ya kushauri majengo yapi yatangazwe kuwa urithi, itume watu wake na tepu ya kupimia, ianze na nyumba mbili tatu za Majengo zilizo imara bado, kisha kumbi, kisha makanisa na msikiti kwa idhini ya waumini wenyewe. Kaunti iweke vibao kwa Kiswahili. Vijana wa Pumwani na Shauri Moyo wafunzwe historia ya mitaa yao na wapewe leseni ya kuwatembeza wageni, wasije askari wa kanjo wakawakamata kwa kosa la kusimulia habari za babu zao. Na kama bajeti haitoshi kwa yote haya, ianze kwa maji na vyoo vya kumbi za mitaa, ambavyo mwenyeji atavitumia siku zote za mwaka, na mgeni siku moja.