Mgomo wa madaktari ukifika Ikulu, nani hubaki kujibu?

Mgomo wa madaktari wa 2024 ulianza katikati ya Machi na kuisha Mei 8. Siku 56 wagonjwa walirudishwa nyumbani kutoka hospitali za umma.

Mazungumzo yaliyoumaliza hayakuongozwa na Waziri wa Afya. Yaliongozwa na Felix Koskei, Mkuu wa Utumishi wa Umma na mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu. Yaani mtu wa karibu wa Rais.

Wengi waliuliza: kwani Wizara ya Afya ina kazi gani?

Mbona wizara ilishindwa?

Ukweli ni kwamba Waziri wa Afya hana funguo zote. Chini ya Katiba ya 2010, sera ya afya na hospitali kuu za rufaa ziko kwa serikali ya kitaifa. Hospitali nyingine nyingi ziko chini ya kaunti 47, na madaktari wengi wameajiriwa na magavana. Pesa ziko Wizara ya Fedha. Viwango vya mishahara vinapitia kwa Tume ya Mishahara, SRC.

Waziri akiwaita hao wote, wanaweza kutuma manaibu. Mtu wa Ikulu akipiga simu, wanafika wenyewe. Hapo ndipo washauri na wasaidizi wa Rais wana maana: wanaweka kila mwenye neno kwenye meza moja.

Lakini meza ikishaondolewa?

Shida huanza baada ya picha za kutia saini. Mapatano ya Mei 8 yaliwarudisha madaktari kazini, ila suala gumu zaidi lilibaki: malipo ya madaktari wanagenzi. Chama chao, KMPDU, kilitaka takriban Sh206,000 kwa mwezi kulingana na mkataba wa 2017. Serikali ilishikilia Sh70,000.

Miezi ikapita. Desemba 2024 chama kikatishia kugoma tena, na serikali ikalazimika kuketi upya kujadili jambo lilelile.

Katika muda huo wote, mwanagenzi anayesubiri kupangiwa hospitali angemwuliza nani? Wizara ingesema bajeti haijaruhusu. Wizara ya Fedha ingesema sera si yake. Na Ikulu haina dirisha la kupokea malalamiko.

Bunge linaweza kumwita mtu yeyote, sawa. Ila kikatiba anayepaswa kufika mbele ya kamati na kueleza mambo ya afya ni waziri. Sasa waziri atateteaje mapatano ambayo mwenye usukani alikuwa mtu mwingine?

Cha kuangalia safari ijayo

Ikulu kuingilia kati si dhambi. Penye mgomo wa kitaifa, lazima mtu awe na uwezo wa kuwaita wote. Ila mambo mawili yafanyike.

Kwanza, mapatano yachapishwe yakionyesha nani analipa, kiasi gani, kufikia tarehe gani. Pili, siku ya kutia saini, utekelezaji urudi kwa waziri, na apewe bajeti yake.

Bila hayo, mshauri atakuwa mzima-moto tu. Moto utazimwa leo, kesho uwake palepale, na mama aliyebeba mtoto mgonjwa atakuta tena lango la hospitali limefungwa.